Somo: Kumtazama Mchumaji Aliyeanguka na Kuumia Muundi

Ndugu Wanachama,

Msimu umewadia na wachumaji wetu wamo mitini. Mkarafuu mkubwa hupita mita 10, na matawi yake ni mepesi kukatika. Mtu akianguka, mara nyingi wenziwe humwambia, "Inuka, utembee tukuone." Neno hili twaomba liachwe.

Chini ya goti mna mifupa miwili. Mnene ulio mbele hubeba karibu uzito wote wa mwili. Mwembamba wa upande wa nje hubeba kidogo tu. Kwa hiyo mtu aweza kuvunjika ule mwembamba akaenda kwa miguu mpaka kwake, nasi tukasema ameteguka. Na ule mnene ukiwa na ufa, kumsimamisha kwaweza kuukata kabisa.

Basi fanyeni hivi:

1. Mwulizeni kwanza shingo na mgongo, hasa aliyeangukia visigino. Akiumwa huko au akiona ganzi, abaki alivyolala mpaka abebwe juu ya ubao.

2. Tazameni. Kateni suruali, mlinganishe miguu yote miwili. Umepinda? Umevimba? Wayo umegeuka? Jeraha lililo juu ya mahali palipovunjika, hata likiwa dogo, lifunikwe kwa kitambaa safi. Mfupa uliotokeza msiurudishe ndani.

3. Guseni. Kwa kidole kimoja bonyezeni taratibu kufuata mfupa, toka goti mpaka kifundo, mbele kisha upande wa nje. Maumivu makali mahali pamoja juu ya mfupa ni dalili kubwa. Hata aliyepinda kifundo aguswe mpaka karibu na goti, maana mfupa mwembamba huweza kuvunjika huko juu. Msiutikise mguu ili kusikia mlio.

4. Angalieni wayo. Una joto? Vidole vyacheza? Bonyezeni ukucha: rangi irudi kwa muda wa sekunde 2. Mshipa wa juu ya wayo upige.

Mkiona dalili ya kuvunjika, fungeni gango lipite goti na kifundo, wala lisibane, kisha mpelekeni hospitali akapigwe picha ya eksirei. Asiyeweza kukanyaga naye apelekwe, hata kama hamkuona dalili nyingine.

La hatari zaidi ni hili: maumivu yakizidi badala ya kupungua, shavu la mguu likawa gumu, na kuinua vidole kukamliza, damu imebanwa ndani. Legezeni kila kilichofungwa, mwende upesi. Nyama ya mguu huanza kufa kwa saa chache tu. Waganga wetu wa viungo twawaheshimu, lakini mguu wa namna hii haungoji kukandwa wala kufungwa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mguu wa mchumaji ndio riziki ya watoto wake.

Wabillahi tawfiq.

Katibu