Kochi la Milioni Nne Halinunuliwi kwa Picha Moja

Bamkubwa alishika randa miaka mingi pale Keko, Temeke, kabla ya kuhamia Wazo, ambako sasa anauza samani za bei ya juu. Binti wa mdogo wake amesomea kompyuta na ndiye anayemtengenezea duka la mtandaoni.



BAMKUBWA: Vuta kiti. Hebu nilione hilo duka.

BINTI: Hili hapa. Ukurasa wa kwanza una video ya sebule.

BAMKUBWA: Mbona naona kiduara kinazunguka tu?

BINTI: Video nzito kidogo, na mtandao wa huku Wazo nao…

BAMKUBWA: Usiusingizie mtandao. Itoe. Weka picha moja nyepesi, kilobaiti mia mbili inatosha.

BINTI: Lakini anayenunua kochi la milioni nne hakosi bando.

BAMKUBWA: Bando analo, subira hana. Haya, kochi limefunguka. Bei iko wapi?

BINTI: Nimeandika “Wasiliana nasi”. Huko Instagram wauzaji wengi wanasema bei njoo inbox.

BAMKUBWA: Na wewe ukaiga! Ukimficha mteja bei, anajua unataka kwanza umjue ana gari gani ndipo umtajie. Mwenye pesa zake hapendi kupimwa hivyo. Andika bei kamili, na gharama ya kulifikisha Mbezi au Kigamboni ijulikane kabla hajalipa.

BINTI: Na wanaopenda kupatana?

BAMKUBWA: Anayechukua seti nzima apunguziwe, na punguzo liandikwe, alione kila mtu. Sasa niambie, mteja akiingia dukani kwangu hufanya nini mbele ya meza?

BINTI: Huitazama.

BAMKUBWA: Kutazama ni mwanzo. Huinyanyua upande mmoja asikie uzito. Huvuta droo mpaka mwisho, akachungulia nyuma aone kama ni mbao au ubao wa kubandika. Kisha huuliza: “Hii mninga kweli?” Maana paini ya Sao Hill ukiipaka rangi vizuri, asiyejua utamuuzia kwa jina la mninga. Mtandaoni hana mkono wa kunyanyua, kwa hiyo picha zako zifanye kazi ya mkono. Piga picha droo ikiwa nje, mgongo wa kabati, chini ya meza, kiungo kwa karibu mpaka mshipa wa mbao uonekane. Taja mbao ya fremu na mbao ya miguu, kila moja kwa jina lake. Kama ndani kuna paini, sema kuna paini.

BINTI: Si tutawakimbiza?

BAMKUBWA: Watakaokimbia wangekuja kurudisha. Afadhali wakimbie mapema.

BINTI: Vipimo nimeweka: urefu sentimita 220.

BAMKUBWA: Kimo je? Kina? Mlango wa futi tatu, ukitoa fremu, nafasi inabaki kama sentimita 80. Kochi lako lina kina cha 95 na kimo cha 85. Litaingiaje? Likiwa na miguu ya kufungua, ya sentimita 15, kimo kinashuka hadi 70, unalilaza linapita. Hilo andika kando ya picha, na umkumbushe mteja apime mlango, ngazi na kona ya korido. Nimeona kochi likilala barazani kwa watu, Fuso limeshaondoka.

BINTI: Kwenye kutafuta, mtu aandike nini?

BAMKUBWA: Anachosema kila siku. Akiandika sofa au kochi, apate kitu kilekile. Akiandika sita kwa sita, apate vitanda.

BINTI: Fomu ya anwani inadai jina la mtaa, namba ya nyumba na postikodi.

BAMKUBWA: Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilileta vibao, lakini dereva wetu bado anaelekezwa kwa msikiti na geti la bluu. Ruhusu mtu atume lokesheni ya WhatsApp, na nafasi ya kuandika maelekezo. Na usiulize yasiyohitajika. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

BINTI: Malipo?

BAMKUBWA: Nusu wakati wa kuagiza, nusu kochi likiwa sebuleni. Weka lipa namba na akaunti ya benki, maana pesa za simu zina ukomo. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe jina la duka. Likitokea jina la mtu asiyemjua, mteja anaghairi, na ana haki.

BINTI: Basi wiki ijayo naziingiza samani zote hamsini.

BAMKUBWA: Hapana. Ingiza zile kumi zilizokamilika, zenye bei, vipimo na picha za mgongoni. Nyingine zikae nje ya duka mpaka uje na futi tuzipime.