Mchezo Mmoja, Mikono ya Nchi Nyingi

Vijana wengi tunaijua michezo ya video, lakini ni wachache wanaojiuliza inatengenezewa wapi. Hebu tuchukue mfano wa kampuni ya Ubisoft.

Kampuni hii ilianzishwa mwaka wa 1986 na ndugu watano wa ukoo wa Guillemot kutoka Brittany, Ufaransa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi wakafungua studio Bucharest, Romania (1992), Shanghai, China (1996) na Montreal, Kanada (1997). Studio hapa si chumba cha kurekodi nyimbo. Ni mahali wanapofanya kazi wachoraji, waandishi wa hadithi, mafundi wa sauti na watu wa kompyuta.

Kwa nini Montreal? Serikali ya huko ilikubali kusaidia kulipa mishahara ili vijana wapate kazi. Kampuni ikafaidika, mji nao ukafaidika. Huko ndiko mchezo wa Assassin's Creed ulikotengenezwa, ukatoka mwaka wa 2007.

Kazi yenyewe hugawanywa. Katika Assassin's Creed IV: Black Flag wa mwaka wa 2013, Montreal iliongoza, nayo studio ya Singapore ikashughulikia bahari na merikebu. Jua likitua Singapore, Montreal kunakucha. Kazi hailali!

Lakini kila lenye mwanzo lina mwisho. Afrika ilipata studio Casablanca, Moroko, mwaka wa 1998. Mwaka wa 2016 ikafungwa. Desemba 2024 kampuni ikatangaza kufunga studio za Osaka na San Francisco pia. Anayefungua mlango ndiye anayeufunga, na wafanyakazi hubaki wakitafuta kazi upya.

Jambo moja linaniuma. Mwaka wa 2017, baada ya Casablanca kufungwa, ulitoka mchezo wa Assassin's Creed Origins kuhusu Misri ya kale. Hadithi ni ya Afrika, lakini walioongoza kuisimulia walikuwa Montreal.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wanachama wenzangu, mchezo huanza na hadithi, na hadithi tunazo tele. Tusingoje tu kufunguliwa mlango. Tuandike, tuchore, tujifunze kompyuta.

Zoezi
1. Taja kazi nne zinazofanywa katika studio ya michezo.
2. "Serikali isaidie kulipa mishahara ya kampuni za kigeni." Jadili.