Habu ya Lori la Kikundi: Ifunguliwe Kabla Haijalia



Vikundi vingi vimeweka pesa pamoja vikanunua lori la kubeba maziwa, mchanga, viazi au mahindi. Tairi hukaguliwa, maana tairi inaonekana. Oili ya injini hupimwa. Lakini kuna kitu katikati ya gurudumu ambacho hakuna anayekiuliza hali, mpaka siku gurudumu linapolipita lori lenyewe barabarani. Kitu hicho ni habu.

Somo hili halitawafanya mafundi. Kufungua habu ya lori ni kazi ya fundi aliyeizoea. Tunachotaka ni kwamba lori likienda gereji, awepo mwanakikundi anayejua anachotazama, ili pesa ya kikundi isilipie kazi ambayo haikufanywa.

Habu ni kile chuma cha mviringo kinachozunguka juu ya ncha ya ekseli. Bolti za gurudumu zimeshikwa humo, na dramu ya breki pia. Ndani mna beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Si zile za gololi. Hizi zina vipande vya chuma mfano wa vipande vya penseli, vyembamba zaidi upande mmoja. Zinakaa ndani ya grisi. Nyuma yake kuna sili, ambayo huzuia grisi isitoke, na maji na vumbi visiingie. Mbele kuna nati inayoshika yote, pamoja na washa ya kuifungia isijizungushe. Uzito wa lori na mzigo wake unapita kwa beringi hizo.

Sasa sili ikipasuka, grisi hutoka na kupaka lainingi za breki. Ukikanyaga breki, upande mmoja unashika na mwingine unateleza, lori linavuta kando. Beringi nazo zinakauka, zinashika moto, zinaanza kusagika. Mwisho wake gurudumu zima linaweza kuchomoka. Na gurudumu la lori likishuka peke yake halichagui: mama anayeuza nyanya, mtoto anayetoka shule, kijana wa boda boda.

Dereva na tanboi wanaweza kuyaona mengi bila spana. Asubuhi watazame rimu kwa ndani: mistari ya grisi inayotawanyika kutoka katikati maana yake sili imekwisha. Watazame nati za gurudumu: michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati huonyesha kwamba imelegea. Lori likirudi safari, wapitishe nyuma ya mkono karibu na kila habu, bila kuigusa, maana inaweza kuchoma. Habu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa ekseli ile ile, kuna shida, iwe ni beringi au breki inayoburuta. Lori linaloteremka Sachang'wan na mzigo hupasha dramu moto sana, na moto huo unafika hadi kwenye grisi. Lililovuka mto maji yakafunika habu, ni afadhali likaguliwe mapema, maana grisi iliyoingiwa na maji hailindi chuma.

Kufungua ni lini? Kitabu cha lori ndicho kinachosema. Kama kimepotea, sisi tunashauri mara moja kwa mwaka, kabla ya kupeleka lori kwenye ukaguzi wa serikali, na tena kila breki zinapofunguliwa.

Siku hiyo lori lisimame mahali tambarare, magurudumu mengine yawekewe vizuizi, na ekseli ikalie stendi imara. Jeki peke yake si ya kuamini. Gurudumu likiwa juu, fundi alishike juu na chini alitikise, kisha alizungushe polepole asikilize. Habu ikifunguliwa, grisi ya zamani itolewe yote. Kuongeza mpya juu ya kuukuu ni kujidanganya, na grisi za aina mbili zikichanganywa zinaweza kuharibiana. Beringi zioshwe kwa mafuta ya taa, si petroli, zikauke zenyewe. Asizizungushe kwa upepo wa kompresa, zinaweza kupasuka. Ukiona vidoa, mikwaruzo, au rangi ya bluu ya kuungua, hiyo beringi ni ya kutupa, pamoja na bakuli lake. Sili iwe mpya kila mara. Ile ya zamani hata ikionekana nzuri, msikubali irudishwe. Tofauti ya bei si kitu mbele ya lainingi zilizolowa grisi.

Kukaza nati ya katikati ndipo kazi nyingi huharibikia. Ikibana sana beringi zinaungua, ikilegea gurudumu linacheza. Kila lori lina kipimo chake. Malori mengi ya Kijapani hupimwa kwa mizani ya springi, inayofungwa kwenye bolti ya gurudumu na kuvutwa hadi habu ianze kuzunguka. Fundi anayesema anajua kwa mkono tu, mwulizeni maswali zaidi.

Nati za nje zikazwe kwa kuvukana, na sehemu zinazokutana ziwe safi, bila rangi wala grisi. Malori ya zamani ya Kijapani yana bolti za kushoto zinazokaza kinyume, tanboi mgeni aambiwe. Na ile tabia ya kurukia spana yenye paipu ndefu huvuta bolti mpaka zikatike. Moja ikikatika, badilisheni na jirani zake wawili. Baada ya kilomita 80 hadi 160, nati zikaguliwe tena kwa spana yenye kipimo.

Neno moja kwa kamati. Tumeona dereva akikatwa mshahara kwa sababu alisimamisha lori likinuka moto na mzigo ukachelewa. Safari iliyofuata aliposikia mlio, je, alisimama? Andikeni kwenye sheria za kikundi kwamba dereva akisimama kwa ajili ya gurudumu hakatwi, hata ikionekana hakukuwa na kitu.

Ya kujadiliana kwenye mkutano: Habu za lori letu zilifunguliwa mara ya mwisho tarehe gani, na nani alikuwepo? Sili zilizotolewa tulionyeshwa? Mweka hazina ametenga kiasi gani kwa kazi hiyo mwaka huu?