Msiba Mmoja, Hulka Mbili

Swali: Tangu mabomu yaanguke kwenye kambi za wakimbizi wa ndani za Mugunga na Lac Vert, karibu na Goma mashariki mwa Kongo, tarehe 3 Mei 2024, mtoto mmoja aliyefiwa hulia kila siku, ilhali nduguye hucheza tu. Je, huyu wa pili hana uchungu?

Jibu: Uchungu anao, ila hulka, yaani namna ya kuhisi na kuitikia mambo ambayo mtoto huzaliwa nayo, huufanya ujitokeze kwa njia tofauti: mchangamfu huuliza maswali hadharani, mwoga hung'ang'ania kitenge cha mama, na mkimya huenda akapanga mawe meusi ya volkano mfano wa kaburi, kwa kuwa mchezo ndio lugha yake. Umri nao huchangia, kwani utafiti wa Maria Nagy kuhusu watoto wa Hungaria, uliochapishwa mwaka 1948, ulionyesha kwamba wadogo wa chini ya miaka 5 hudhani kifo ni safari au usingizi tu. Kwa hiyo inafaa wote wawili waambiwe kwa upole kwamba marehemu amekufa na hatarudi, wala si kwamba amelala, kisha mkimya asilazimishwe kulia, na anayelia asikemewe.