Rukhsa ya Dharura na Mali ya Umma

Katika darsa zetu tumekariri mara nyingi ya kwamba msafiri amepewa rukhsa ya kufupisha sala, wala hakupewa rukhsa ya kuiacha. Kwa kipimo hicho twataka leo kulipima jambo la mali ya umma wakati wa maradhi.

Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma, ya mwaka 2015, nayo ina rukhsa yake. Ikizuka haja ya haraka isiyotazamiwa, afisa aweza kununua kwa mfanyabiashara mmoja pasi na kushindanisha wauzaji. Lakini bei sharti iwe ya haki, na mkataba uandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Kilichofupishwa ni njia, hesabu haikuondolewa.

Korona ilipoingia mwaka 2020, wako walioifanya rukhsa hiyo kuwa mlango usio na bawabu. Ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliofanywa na KEMSA, shirika la serikali la kununua na kugawa dawa, ulikaguliwa, ikaonekana bei zimepita za sokoni na bidhaa nyingi zimelala ghalani. Tarehe 26 Agosti Rais Uhuru Kenyatta aliamuru uchunguzi umalizwe kwa siku 21. Amri ilikuwa njema, ila ilifika fedha zimekwisha kutoka.

Na huko mitaani je? Ijumaa ya tarehe 10 Aprili 2020, watu wa Kibera walikanyagana wakigombea chakula cha msaada, na polisi wakawatupia moshi wa kutoa machozi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2021 yaeleza kuwa fedha za msaada wa serikali ziliwafikia wachache tu katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na ya kuwa baadhi ya walioandika majina waliwapendelea jamaa na marafiki zao. Mjane asiyeliona jina lake hana wa kumshitaki, kwani orodha yenyewe hakuonyeshwa. Wala wa pwani tusidhani ni habari ya ugenini: mwezi wa Mei 2020 Kawangware ilitajwa pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa katika mahali pa kupimiwa watu kwa wingi.

Basi orodha na idaidiwe mapema, maradhi yangaliko. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa raia haki hiyo. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika, afisa humsaidia. Jibu hutolewa katika siku 21. Ikiwa habari yahusu uhai wa mtu, katika saa 48. Akinyimwa, hupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wanafunzi wetu wenye mwandiko mzuri wanaweza kuanza kuwaandikia majirani zao barua hizo.