Nihame Android Niende iPhone? Fundi Simu Awajibu wa Kyela

Mwaka 2024 bei ya kakao ilipopaa, tani moja ikapita dola 10,000 kwenye soko la dunia, mafundi simu wa Kyela mjini, ambako kakao ndiyo pesa, walianza kuulizwa swali moja kila saa: “Fundi, nichukue iPhone?” Bei ya kakao imeshuka tangu hapo. Swali halijashuka. Haya ndiyo yanayoulizwa zaidi, kuanzia Ipinda hadi Kasumulu, na ninayajibu kama ninavyomjibu mteja aliyekaa mbele ya meza yangu, simu mkononi na pesa mfukoni.

Ugonile fundi. Mimi ni mwalimu, Ipinda. Tecno yangu imechoka, inaganda hata nikifungua picha. Wenzangu wanasema nikishika iPhone sitarudi nyuma. Nihame?

Ugonile, mwalimu. Kilichochoka ni simu, Android haijachoka. Simu ya bei nafuu ya miaka kadhaa, iliyojaa video za magrupu, lazima igande. Wenzako wanalinganisha simu hiyo na iPhone ya bei mara nne au tano, kisha wanasema mfumo mmoja umeushinda mwingine. Chukua pesa ileile ya iPhone, nunua Samsung ya daraja lake, ndipo ulinganishe.

Sifa za iPhone nazikubali. Video zake ni nzuri, ukitaka kuiuza bado ina bei, na inapata masasisho kwa miaka mingi: mfumo wa iOS 26 uliotoka Septemba 2025 umeifikia hata iPhone 11 ya mwaka 2019. XR na XS za mwaka 2018 zimeachwa, kwa hiyo muuzaji anayekuambia XR “bado mpya kabisa” muulize mpya ya lini. Ila na wapinzani hawajalala. Samsung sasa inaahidi miaka sita ya masasisho hata kwa simu ya kawaida kama Galaxy A16.

Vya kuacha ni vingi kuliko unavyodhani. iPhone haina pa kuchomeka memori kadi. Haina redio ya FM ya kuchomeka earphone ukasikiliza mpira bila bando. Bluetooth yake haipokei wimbo kutoka Android ya jirani. Kioo cha Tecno au Infinix nakubadilishia leoleo ukiwa unakunywa chai. Cha iPhone ya miaka ya karibuni mara nyingi naagiza Mbeya, na kikija ambacho si cha kiwandani simu yenyewe inakuandikia kwamba haikitambui. Kwako wewe, mwalimu, ningesema baki Android, panda daraja.

Kaka, mimi ni bodaboda hapa mjini. Nimeletewa iPhone 14 safi, bei imepoa, ila sioni pa kuweka laini. Ni feki?

Si lazima iwe feki. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14, mwaka 2022, hazina kitundu cha laini kabisa. Zinatumia eSIM, yaani laini inayoingizwa ndani ya simu kwa programu. Toleo la 17 limefikisha jambo hilo hadi Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar na Kuwait, na huko ndiko simu nyingi za ndugu zetu zinakotoka. Bei imepoa kwa sababu wengi wakiona hakuna kitundu wanaogopa.

Mitandao yetu mikubwa inatoa eSIM. Unakwenda ofisini kwao na namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unaweka alama ya kidole, wanakubadilishia. Lakini fikiria maisha yako ya kila siku. Chaji ikikuishia Ipyana na abiria anataka kukulipa, leo unachomoa laini, unaichomeka kwenye simu ya mwenzako, unafungua menyu ya pesa, *150*00# au *150*60#, na kazi inaendelea. Kwa eSIM hakuna cha kuchomoa. Simu ikipasuka kioo usiku, namba yako na pesa yako vimefungiwa humo mpaka ofisi ifunguliwe. Kwa mtu anayelipwa kwa simu kutwa nzima, hiyo ni hasara ya kweli.

Kuhusu usafi wa simu yenyewe, kuna mambo matatu, na yafanyike kabla pesa haijatoka. Piga *#06#, chukua namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090. Majibu yataje aina ya simu unayoiona mkononi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima Juni 2016, na utaratibu huo wa kuhakiki upo mpaka leo. Pili, fungua mipangilio, tazama jina lililo juu kabisa. Likiwa la mtu mwingine, simu bado ni ya huyo mtu. Tatu, na hili ndilo kubwa, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, iwake upya, iunganishwe intaneti. Ikiomba barua pepe na neno la siri la mtu usiyemjua, rudisha. Kufuli hiyo Apple waliileta mwaka 2013 na hakuna fundi wa mtaani anayeifungua kwa haki. Anayekuambia ataifungua anataka pesa ya pili baada ya ile ya kwanza kupotea. Android nazo zina kufuli ya akaunti ya Google, kwa hiyo jaribio hilohilo lifanye hata ukinunua Samsung.

Fundi, nafanya biashara Kasumulu, navuka daraja la Songwe karibu kila siku. Nina laini ya hapa na laini ya Malawi. iPhone itanifaa? Na mbona saa ya simu inarudi nyuma yenyewe?

Nianze na saa, maana imewakosesha watu basi. Malawi wako nyuma yetu saa moja. Simu yako imewekwa ichukue saa kutoka kwenye mtandao, na ukiwa mpakani inashika mnara wa upande wa pili, inaamini uko Karonga, inarudisha mshale. Inatokea kwa Android na iPhone sawasawa, na mwenye laini ya Malawi ndani ya simu anasumbuliwa zaidi. Dawa: zima saa ya kujiseti, chagua mwenyewe majira ya Dar es Salaam. Papo hapo uende kwenye mtandao wa laini ya hapa, uchague kampuni yako kwa mkono, uzime na data ya nje ya nchi, bando lisije kuliwa ukiwa umekaa dukani kwako.

Sasa laini mbili. Tecno, Infinix, itel na Samsung nyingi zinameza laini mbili za kawaida, na wewe umezoea hivyo. iPhone nyingi zenye kitundu, kuanzia XS na XR, zina kitundu kimoja, na laini ya pili inakuwa eSIM. Ukiamua kuhama, laini ya Malawi ichomeke, ya Tanzania iwe eSIM, maana ofisi ya kuishughulikia iko upande wako wa daraja. Kuna njia nyingine: iPhone zilizotengenezwa kwa soko la China na Hong Kong, baadhi zina nafasi ya laini mbili za kuchomeka, moja mgongoni mwa nyingine. Ukiipata iliyo safi, kwa mfanyabiashara wa mpakani hiyo ndiyo iPhone ya kununua. Usipoipata, sioni sababu ya wewe kuhama.

Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa kakao. Orodha za wakulima, picha za stakabadhi, kila kitu kiko WhatsApp. Nikihamia iPhone vitapotea?

Vitapotea ukiharakisha. Akiba ya WhatsApp ya Android inakaa Google. iPhone haiwezi kuisoma. Ya iPhone inakaa iCloud. Android haiwezi kuisoma. Hapo ndipo watu wengi wanalia mezani kwangu.

Tangu 2022 njia halali ipo. Simu ya zamani unaiwekea programu ya Apple iitwayo Move to iOS. iPhone lazima iwe tupu, ama mpya ama iliyofutwa. Hapo ndipo penye mtego: mtu anainunua, anaiseti, anapiga picha, anafurahia siku mbili, ndipo anakumbuka WhatsApp, na njia nyepesi ni kuifuta iPhone yote aanze upya. Kwa hiyo usiguse kitu. Iwashe, ikifika mahali pa kuuliza kama unatoka Android, kubali, ingiza kwenye simu ya zamani namba za siri utakazoonyeshwa, kisha kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha chagua WhatsApp. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji. Usifanye siku ambayo umeme wa Kyela umeanza kuyumba. Ikimaliza, pakua WhatsApp kwenye iPhone, ingia kwa namba ileile, ujumbe utajifungua. Simu ya zamani usiifute wala kuiuza mpaka umehakikisha picha ya mwisho unaiona.

Nikuambie na jambo usiloniuliza: orodha za wakulima zisikae WhatsApp peke yake. Ziweke kwenye kompyuta ya chama au kwenye daftari. Simu inaweza kudondoka kwenye tope la mpunga kesho, iwe ya mfumo wowote. Na iCloud ya bure ni GB 5 tu, ya Google ni 15. Picha za msimu mmoja zinaijaza ile ya kwanza.

Mimi mvuvi wa Matema. Nasikia iPhone haiingii maji.

Inavumilia maji, si kwamba haiingii. Kuanzia iPhone 7 ya mwaka 2016 zina mpira wa kuzuia maji, na kipimo chake kilifanywa kwenye maji yaliyotulia, si mawimbi ya Ziwa Nyasa yanayopiga mtumbwi wakati wa kuvuta usipa. Mpira unachakaa. Simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi, na hizi za mtumba nyingi zimefunguliwa, uihesabu kama haina kinga. Samsung nazo zipo zenye kinga hiyo. Wewe nunua mfuko wa plastiki wa kufunga, utakusaidia kuliko mfumo.

Ikilowa, izime, ielekeze tundu la chaji chini, iache ikauke penye hewa. Usiifukie kwenye mchele. Apple wenyewe wameandika kwamba chembechembe zake zinaweza kuiharibu, na mchele wa Kyela una kazi nzuri zaidi ya kufanya.

Tatizo lako kubwa zaidi nadhani ni chaji. Kule milima ya Livingstone inaposhuka hadi majini, mtandao unakatika, na simu inayotafuta mnara kutwa inakula betri vibaya. Ukiwa ziwani iweke hali ya ndege, uifungue ukikaribia nchi kavu. iPhone kabla ya toleo la 15 pia zina waya wake wa peke yake. Hapo kijijini wenye waya huo ni wangapi?

Shikamoo… au niseme marahaba, mwanangu. Binti yangu yuko Muscat, anataka kuniletea iPhone. Kiingereza sijui.

Shikamoo mama. Mwambie akuletee Samsung. Android nyingi zina menyu za Kiswahili, ila ahakikishe kabla ya kununua. iPhone unaweza kuchapa Kiswahili, lakini menyu zake hazijatafsiriwa. Mtatumiana ujumbe na picha vilevile kwenye WhatsApp.

Kaka yangu wa Dar amenipa iPhone 6. WhatsApp inagoma.

Itaendelea kugoma. Tangu Mei 2025 WhatsApp imeziacha 5s, 6 na 6 Plus. Mshukuru kaka, itumie kupiga na kusikiliza nyimbo. Waliokuwa na Smart Kitochi yenye KaiOS nao waliachwa hivyohivyo.

Mimi nilihama, nimejuta, nataka kuuza iPhone nirudi Android.

Hujakosea chochote, simu ni chombo cha kazi. Hamisha WhatsApp kwanza, kwa waya, ukianza na Android iliyo tupu. Halafu ondoka kwenye akaunti yako ya Apple, zima huduma ya kuitafuta simu, ndipo uifute. Ukiiuza bila kutoka, aliyenunua atarudi na mjumbe wa mtaa, na atakuwa na haki.

Na wewe unayetaka kununua wiki hii, ya mfumo wowote: uliza kama simu ina deni. Simu za mkopo zinafungwa na kampuni kutoka mbali zisipolipwa, hata zikiwa mkononi mwa mtu wa tatu. Andikishiana na muuzaji, mwenye kitambulisho, mbele ya shahidi, na namba ya IMEI iwe kwenye karatasi hiyo.