Maumivu ya Mgongo: Je, ni Lini Upasuaji Unahitajika?

Hapa hospitalini tunapokea watu wa aina mbili. Mmoja anaumwa kiuno wiki mbili tu, naye anaogopa kwamba atapasuliwa. Mwingine analetwa kwa machela, miguu imekufa ganzi, kwa sababu nyumbani alikuwa akikandwa tu. Wa kwanza hana sababu ya kuogopa. Wa pili amecheleweshwa.

Kwa watu wengi maumivu ya mgongo au shingo hupungua katika muda wa wiki 6. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Afadhali kutembea, kufanya kazi nyepesi, na kutumia dawa za maumivu kama mlivyoelekezwa.

Kati ya pingili za mgongo kuna gegedu laini kama mto. Gegedu likichomoza huweza kubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka mguuni au mkononi. Daktari hufikiria upasuaji ikiwa maumivu hayo hayapungui baada ya wiki 6 au zaidi za matibabu, na picha inaonyesha mshipa umebanwa mahali panapolingana nayo. Maumivu ya kiuno peke yake mara nyingi hayaondolewi kwa kisu.

Kifua kikuu nacho hushambulia pingili. Mgonjwa huumwa mgongo miezi mingi, hukonda, hutoka jasho usiku, na huweza kuota kibiongo. Tiba yake kubwa ni dawa, kwa miezi 6 hadi 12. Upasuaji hufanywa mishipa ya fahamu inapobanwa au kibiongo kinapozidi.

Zipo dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo:

1. Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujijua.
2. Ganzi sehemu za siri na makalioni.
3. Miguu au mikono kupoteza nguvu. Mtu anayumba, au hawezi kufunga vifungo vya shati.
4. Maumivu makali baada ya kuanguka au ajali. Huyu msimkunje, mbebeni juu ya ubao, kichwa na shingo vimenyooka.

Hospitali nyingi za wilaya hazipasui mgongo. Mgonjwa hupelekwa hospitali ya rufaa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na mshipa uliobanwa muda mrefu huweza usipone tena.

Basi, mgonjwa wenu wa mgongo akisema jioni kwamba mkojo hautoki, msingoje kuche.